Divai ya Mkubwa wa Uvira

Chupa zilikuwa zimelazwa juu ya turubai kama samaki wanaongoja mnunuzi, nami nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, kitabu mkononi, jasho likinitiririka mgongoni. Nyuma yangu alisimama Komanda Eddy. Sikugeuka, lakini nilimsikia akitafuna kijiti cha meno, na kila kilipokatika nilishtuka.

"Mama, sema sasa. Gani njo muzuri?"

"Ngoja, Komanda. Kitabu hakikimbizwi."

Leo nikisimulia, watu hucheka wakifika hapo, na mimi hucheka nao. Siku ile sikuwa na kicheko hata cha kuazima. Ilikuwa mjini Baraka, ukingoni mwa ziwa, mwaka wa tisini na tisa, vita vya pili vya nchi yetu, na wale waliokuwa wameushika mji walikuwa wamemshika pia mume wangu Bonaventure, fundi wa injini za boti. Walisema amewatengenezea injini Mai-Mai wa Ubwari, wapiganaji wa upande wa adui zao. Huenda ni kweli. Mtu akikuletea injini iliyokufa huiulizi inapigana upande gani.

Walimfungia katika bohari la zamani la pamba. Mfungwa wa kwetu hulishwa na nyumba yake, kwa hiyo kila mchana nilimpelekea bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, hadi langoni, askari akapokea, nami nikakaa chini ya ukuta kungoja sahani. Bonaventure hali vichwa vya ndagala, hajawahi kuvila tangu nimjue. Sahani ikirudi na vichwa, nilijua yu hai, nikaenda zangu nyumbani. Wengine walikuwa wametolewa jioni, wakapakiwa katika boti, na boti ikarudi nyepesi. Wake zao waliendelea kuleta chakula kwa siku kadhaa, na askari walikipokea.

Ni pale ukutani nilipomsikia Komanda Eddy akiwafokea watu wake. Walikuwa wamenyang'anya makasha ya divai kutoka boti moja iliyotoka Kalemie, na Alhamisi angekuja mkubwa wao kutoka Uvira kula chakula cha mchana. Mkubwa huyo alikuwa ameishi Ulaya. Ilisemekana kwamba akipewa divai mbaya huimwaga chini bila kusema neno, na kesho yake aliyempa huwa si komanda tena. Eddy alikuwa kijana wa biya. Kwake chupa zote zile zilikuwa sawa, na aliogopa kuliko alivyotaka tujue.

Nikafungua mdomo kabla woga haujaufunga. "Komanda, mi niko na kitabu ya divai."

Kitabu chenyewe nilikuwa nimeachiwa na Monsieur Henri, Mbelgiji aliyekuwa akifundisha kilimo cha mpunga, ambaye nilimpikia kabla sijaolewa. Alipoondoka alinipa sufuria zake, na kitabu hicho juu yake. Kilikuwa kidogo, cha kutosha mfukoni mwa shati, kimetengenezwa ili bwana aingie dukani au hotelini, akichungulie kwa siri, na asionekane mjinga mbele ya watu. Nilikipenda. Kilikuwa na ramani za mito na vilima, majina matamu ya vijiji, na pembeni mwa kila jina nyota: moja, mbili, tatu. Nilikisoma wali ukiiva. Ningeweza kukuambia kijiji gani kinapata jua la asubuhi na kipi kina udongo wa mawe.

Lakini tone la divai lilikuwa halijagusa ulimi wangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ya walokole, na Bonaventure alikuwa shemasi. Kanisani kwetu hata Meza ya Bwana tuliishiriki kwa maji mekundu ya maua ya ngai-ngai yaliyotiwa sukari. Nilikuwa najua divai jinsi mtu anavyomjua rais: kwa picha.

Komanda hakuniuliza hayo. "Mukubwa akifurahi, bwana yako anatoka," alisema. "Akinipatisha haya, bwana yako anapanda boti. Umesikia, mama?"

Nilisikia. Ndiyo maana nilikuwa juu ya lile turubai nikitafuta mwaka tisini na tano, ulioandikwa kwenye chupa, katika kitabu kilichoishia mwaka sabini na tisa. Nilifunua kurasa mbele, nikafunua nyuma, kana kwamba miaka ingeongezeka nikiharakisha. Chupa zote pale zilikuwa zimezaliwa baada ya kitabu kufa. Nilitaka kurusha kila kitu na kukimbia, lakini ningekimbilia wapi na mume wangu yuko nyuma ya mlango ule?

Nikarudi kwenye kurasa za mwanzo, zile za mafundisho ya jumla ambazo hata Monsieur Henri hakuwa akizisoma. Divai inaogopa joto na mwanga. Tazama shingo ya chupa: ikipungua, hewa imeingia. Tazama kizibo: kikijisukuma nje, divai imechemka. Basi nikaziinua moja moja kwenye jua. Zile nyeupe zilikuwa zimesafiri juu ya sitaha, zimepikwa, zina rangi ya chai. Makasha ya chini kabisa ya boti yalikuwa yameloa maji ya ziwa, na humo nikakuta chupa nyekundu zilizojaa hadi shingoni, jina lake lina nyota tatu, kijiji chake nakijua ramanini kama njia ya kwenda kisimani.

"Hizi."

"We uko na hakika?"

"Niko na hakika kabisa," nikasema, na sauti yangu ikatoka imara hata mimi mwenyewe nikashangaa.

Alitaka kumpa mkubwa samaki kuhe wa ziwani. Nikamwambia kitabu kinakataza, nyekundu inataka nyama. Mbuzi wa mtu fulani akafa kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Binti yetu Faida nilikuwa nimempeleka Lweba kwa dada yangu, kwa hiyo nyumbani nilifanya mazoezi na kiti kitupu na birika la maji. Kitabu kilieleza vizuri. Mimina kidogo, kina cha kidole, katika glasi ya mkubwa wa meza. Simama kuliani kwake. Ngoja aonje. Akiitikia kwa kichwa, wamiminie wengine. Nilikimiminia kile kiti mpaka birika likaisha.

Alhamisi walikaa barazani. Mkubwa alikuwa mwembamba, mwenye miwani na sauti ya upole, na upole huo uliniogofya kuliko makelele yote ya Eddy. Nilimimina kina cha kidole. Nikasimama kuliani kwake. Nikangoja.

Hakugusa glasi. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Kijiti cha Komanda kikanyamaza mdomoni. Askari aliyekuwa nyuma ya kiti akateremsha bunduki begani, taratibu.

"Mama," mkubwa alisema, "unataka mi njo nionje wa kwanza?"

Hapo nikatambua nilichofanya. Kwetu anayemimina ndiye anayekunywa kwanza, machoni pa mgeni, ili ijulikane hakuna kitu ndani. Bibi yangu wa milimani Fizi hakumpa jirani hata maji bila kuloanisha midomo yake mwenyewe. Mtoto mdogo anajua hilo. Anayekumiminia, akasimama kando na kungoja umeze, ana lake jambo. Na mimi, mwanamke mzima, mke wa mfungwa, nilikuwa nimemfanyia hivyo mtu wa vita mbele ya askari wake, kwa sababu kitabu kilichoandikwa mahali ambapo watu huogopa divai mbaya tu kilinielekeza hivyo. Nilijichukia.

"Kunywa," Komanda Eddy alisema. Uso wake ulikuwa wa majivu.

Nilimwomba Mungu atazame ziwani kidogo. Nikanywa. Ilikuwa chungu na kali, kama majani ya chai yaliyosahauliwa birikani tangu jana, na nikajua moja kwa moja kwamba imeharibika na nimemuua mume wangu.

"Maliza."

Nikamaliza. Mkubwa alinichunguza kwa muda mrefu, macho, mikono, pumzi. Kisha akachukua glasi nyingine, akajimiminia mwenyewe, akaonja, akafumba macho.

"Eddy," alisema, "hii ulipata wapi?"

"Kwa... kwa mama, afande."

Wakacheka wote, ila mimi. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kicheko. Kila chupa ilipofunguliwa, mkubwa alininyooshea kidole: "Mama kwanza." Kila chupa ilikuwa na kesi yake, nami nilikuwa shahidi wa kila kesi. Mifupa ya mbuzi ilipobaki mitupu, nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti ili ziwa liache kupanda ukutani. Aliniuliza habari za vile vijiji vya divai. Nikamwambia vilima vinavyopata jua la asubuhi, nikamwambia mito.

"Ulifikaka kule?"

"Hapana. Nilifikaka Uvira tu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akapanda gari lake, akaondoka, na jina la Bonaventure halikutamkwa na mtu yeyote.

Nilibaki kwenye lango la bohari. Sahani ya mchana ule, niliyoikabidhi kabla wageni hawajakaa, ilikuwa haijarudi. Nikaanza kufikiri, pamoja na ile divai kichwani, kwamba labda walimtoa wakati nikimimina, kwamba nilikuwa nikicheka-cheka na mkubwa huku boti ikisukumwa majini. Komanda Eddy alitoka, akanipita. Nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo nisingelithubutu nikiwa na akili zangu. Alinitazama kama mtu aliyesahau kitu dukani.

"Mulete ule fundi!" akapiga kelele.

Bonaventure alitoka na kiatu kimoja, akikunja macho kwa jua, mkono ameukandamiza ubavuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa hiyo: ningemkimbilia, ningempa bega, angeniegemea mpaka nyumbani. Nilipiga hatua, na ardhi haikuwa pale nilipoitegemea. Ni yeye aliyenidaka. Akaninusa.

"Mama Faida. Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Sana?"

"Kila chupa. Walikuwa wanaogopa sumu."

Alinisimamisha vizuri. Kulikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani: ya ufukweni, nyuma ya nyavu, ambako hapiti mtu, na barabara kubwa inayopita mbele ya kanisa letu, ambako saa ile ya Alhamisi wanawake hutoka kwenye maombi.

"Tupite ku ziwa," nilimwambia. "Batatuona."

Aliuchukua mkono wangu, akauzungusha shingoni mwake, na nikasikia anavyoguna kwa ule ubavu.

"Baba Faida, bamama banatoka sasa hivi."

"Njo maana. Baone," alisema, akageukia barabara kubwa.