Mama Funguo Ajijibu Barua

Kazini walimwita Mama Funguo, maana funguo zote za ofisi zilining'inia kiunoni mwake, akawa husikika kabla hajaonekana. Cheo chake kilikuwa karani wa masijala tu. Lakini karani huyo ndiye aliyepokea barua, akazigonga muhuri, akaandika majibu yake na kuibembeleza mashine ya fotokopi iliponuna. Bomba la chooni likivuja, waliitwa watu wawili: Mama Funguo, halafu fundi.

Mwaka wake wa kumi na moja, zawadi ya mfanyakazi bora ikaenda kwa dereva. Dereva hakuwa na ubaya, ila alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika tangu mwezi wa pili. Hotuba ya kumsifu aliiandika Mama Funguo. Zawadi aliifunga yeye. Na kwa kuwa mshindi hakuwepo, akatumwa ampelekee.

"Asante ya punda ni mateke," alimlalamikia mumewe, fundi viti. "Mimi hata teke sijapata! Teke lingeonyesha angalau wameniona."

"Acha kazi," mumewe akajibu, misumari midomoni.

"Niache, halafu?"

"Upumzike, mama watoto."

"Nipumzike nikifanya nini?"

Mumewe akapigilia msumari.

Usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi akaandika barua ya kuacha kazi, fupi, bila matusi. Lakini sheria ni sheria: kila barua hupitia masijala. Basi akajikabidhi, akajigongea muhuri, akajiingiza kwenye rejista, akaitia barua ndani ya faili na kulipeleka kwa mkurugenzi.

Baada ya nusu saa faili likarudi. Pembeni mwa barua mkurugenzi alikuwa ameandika: "Mama Funguo, mjibu huyu."

Alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Kisha akaketi, maana kazi ni kazi. Aliandika, "Ombi lako limekubaliwa," mkono ukagoma. Akafuta, akaanza upya:

"Ofisi imepokea barua yako kwa masikitiko makubwa. Kwa miaka kumi na moja umetubeba mgongoni kama watoto wachanga, wala hatukukuambia pole. Tunakusihi usiondoke. Utapewa wasaidizi wawili, na mambo ya mabomba hayakuhusu tena."

Alipoisoma, machozi yakamlengalenga. Hakuwahi kusifiwa hivyo! Kumbe ofisi hii ina utu, akawaza, huku akijua fika utu huo umetoka kwenye kalamu yake mwenyewe. Moyo ukamlainika. Pengine abaki.

Mkurugenzi alikuwa kwenye simu. Akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Nani huyo anayetaka kuondoka?"

"Karani wa masijala, bosi."

Mkurugenzi akakunja uso, akitafuta kichwani. "Kumbe tunaye?"

Mama Funguo aliichukua barua iliyotiwa sahihi. Hasira hata hazikuja. Kilichokuja ni wepesi, kama wa mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Mlikuwa naye, bosi."

Akarudi mezani, akaandika jibu jingine, mstari mmoja wa kukubali ombi. Mkurugenzi akalitilia sahihi nalo, akamshukuru kwa kulimaliza suala hilo haraka. Mama Funguo akaacha funguo arobaini na mbili juu ya meza, akaondoka na barua zote mbili.

Barua ya sifa ndiyo iliyompatia kazi katika chuo cha ufundi.

"Aliyeandika hii anakufahamu sana," mkuu wa chuo alisema.

"Hakuna anayenifahamu kumshinda," Mama Funguo akajibu, na hakusema uongo.

Huko hutoka saa kumi kamili. Wiki ya kwanza hakujua afanye nini na jioni ndefu hivyo, akamfungulia mumewe rejista ya misumari. Siku ya tatu mumewe akamwomba, kwa unyenyekevu mkubwa, atafute jirani wa kupiga naye soga.