Mistari Mitatu Chini ya Jina la Baba

Kila asubuhi ya kesi Nerina Guity alifanya mambo manne kwa mpangilio ule ule. Alivua koti akalikunja mara mbili juu ya mkoba. Alikunywa maji kwenye bomba la ukumbini, mafunda matatu, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo na ilikauka upesi. Alipitisha kidole kwenye majina ya wateja wa siku hiyo. Kisha aligeukia ukuta akainong'ona sentensi yake, ili saa ya kuisema mbele ya hakimu isimkwame kooni.

"Hatuhitaji kusomewa mashtaka, mheshimiwa. Tunakiri maelezo yote. Tunakubali kwamba..."

Simu ikatetemeka mkobani.

Hakuwa na desturi ya kupokea simu kabla ya kesi. Lakini jina kwenye kioo lilikuwa la Mama Eusebia Suazo, na Mama Eusebia hakuwa amempigia tangu Juni, siku mwanawe Teo alipopandishwa ndege kurudishwa Honduras, pingu mikononi na miguuni.

"Teo amepatwa na nini?" Nerina aliuliza, hata salamu akaisahau.

"Na wewe hujambo," alisema Mama Eusebia. "Teo yupo. Jana kalala kwa binamu yake, leo sijui atalala kwa nani. Sikukupigia kwa ajili ya Teo. Ni baba yake."

"Baba yake si alishafariki, mama?"

"Ndiyo maana napiga mimi. Angekuwa hai angepiga mwenyewe." Akakohoa. "Kanijia siku tatu mfululizo. Anasimama mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, na begi lake la meli begani. Namwambia, Hilario, tua mzigo. Hatui. Ananitazama tu, kama mtu aliyefika dirishani akaambiwa arudi kesho. Wazee wanasema roho yake inataka kuogeshwa. Jumamosi asubuhi, uani kwa kaka yangu. Uje."

"Mimi si ndugu, mama."

"Mama yako ni Mgarifuna wa Honduras kama sisi, wewe utakuwa Mchina? Halafu Teo aliniambia, siku ile mahakamani ni wewe uliyelia, yeye ndiye aliyekuwa anakubembeleza. Vaa nguo usiyoionea huruma, kuna matope."

Mlango wa mahakama ukafunguliwa, jina la kwanza likaitwa. Nerina akaingia, akaisema ile sentensi yote, mara tano, kwa watu watano.

Mawakili wote wa ofisi yao waliisema. Walikuwa mawakili wa umma, waliowekwa na jiji kuwatetea watu waliokamatwa wafukuzwe nchini, na faili zilikuwa nyingi kuliko vidole vya kuzifungua. Ukikiri mapema, hakimu anaokoa muda, na hakimu aliyeokoa muda husikiliza ombi la huruma akiwa ametulia. Katika kesi mia, tisini na tisa hazikuwa na la kubishia. Mtu kazaliwa kwingine, uraia hana, ubishe nini?

Lakini tangu Juni sentensi ile ilikuwa imeanza kumfuata. Aliisikia kwenye lifti, milango ikijifunga. Aliisikia kwenye birika likianza kuchemka. Wala haikumjia kwa sauti yake mwenyewe. Ilikuja kwa sauti ya mwanamume asiyemjua, aliyesoma polepole neno kwa neno, kama anayetafuta alipokosea.

Usiku huo, kabla ya kuzima taa, alikumbuka siku aliyomhoji Teo mahabusu. Teófilo Arzu, umri miaka thelathini na minne, fundi wa mabomba. Alikuja Marekani, mtaa wa Bronx, akiwa na miaka kumi na miwili, na kibali halali cha ukaazi. Kosa la bangi la ujanani lilikuwa limefukuliwa likageuzwa sababu ya kumfukuza. Nerina alijaza fomu kwa kalamu, wao wawili na meza ya chuma katikati.

"Jina la baba?"

"Hilario Arzu." Teo aliinamia meza. "Amekufa. Leo wiki ya tano."

Chini ya jina la baba palikuwa na mistari mitatu. Alizaliwa wapi. Ni raia wa nchi gani. Kama alipewa uraia, lini. Nerina alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo marehemu hachokonolewi kabla mwaka haujaisha; mgeni wa msiba huleta mkate wa nazi, akaketi, akanyamaza. Alimtazama Teo, ambaye pingu hazikumruhusu hata kujifuta uso. Akaandika "marehemu", akapiga mstari mmoja juu ya ile mitatu, akaenda ukurasa wa pili.

Alidhani amemfanyia wema.

*

Jumamosi ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi ya Machi. Anko Crisanto, kaka yake Mama Eusebia, alikuwa akichimba kwa sururu shimo la kumwagia maji ya kumwogesha marehemu, huku wanawake wamejifunika mashali wakimkosoa.

"Chimba la mtu, Crisanto, si la panya."

"Shikeni nyinyi, nione."

"Na hayo maji yawekwe moto kidogo," alisema dada mmoja. "Hilario alikuwa anaoga maji ya kuunguza kuku. Tukimmwagia barafu hii hatatuacha salama."

Birika likaletwa. Ubao ukawekwa kando ya shimo, na juu yake zilipaswa kutandikwa nguo za marehemu, kama mtu anayetayarishiwa nguo zake kabla hajatoka bafuni. Mama Eusebia akalitoa begi la meli ndani ya nyumba akilikumbatia. Zipu yake ilikuwa haijaguswa kwa miezi kumi na minne.

"Wakati wa msiba halifunguliwi," alimwambia Nerina. "Baada ya hapo sikuwa na moyo."

Likafunguliwa. Shati la Jumapili. Kofia ya sufu. Soksi zilizofungwa pamoja, ambazo shemeji mmoja alizinusa akasema sasa ameamini kweli Hilario anahitaji kuoga, na wote wakacheka, hata mjane. Chini kabisa palikuwa na karatasi ngumu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Msomi wetu ni wewe," alisema Mama Eusebia akimpa Nerina. "Hii nini?"

Picha ya mtu mwenye uso mwembamba ilimkazia macho. Nerina akasoma mara mbili. "Ni hati ya uraia, mama. Baba Teo alikuwa raia wa hapa."

"Aa, hiyo. Siku ile ya kiapo alivaa suti ya Crisanto."

"Ikarudi ina doa la mchuzi," alisema Crisanto kutoka shimoni.

"Kaapa, karudi, kala, kalala. Keshokutwa yake kapanda meli kurudi kazini. Hilario hakuwa mtu wa kusimulia."

Nerina alitazama tarehe. "Teo alikuwa na umri gani wakati huo?"

"Kumi na sita."

"Anaishi na nyinyi?"

"Aishi na nani tena?"

"Na hamkuwahi kumwombea naye karatasi?"

"Mtoto hakuapa, mwanangu," alisema Mama Eusebia kwa upole, kama anayemwelimisha. "Anayepata ni yule aliyeinua mkono."

Hivyo ndivyo walivyoamini, nyumba nzima, mtaa mzima. Sheria ilisema vingine. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane, mwenye kibali cha ukaazi, anayeishi na mzazi wake, huwa raia siku ile ile mzazi anapoapa. Hainui mkono. Hata kuambiwa haambiwi. Teo alikuwa raia kwa miaka kumi na minane, na Nerina Guity alisimama mbele ya hakimu akakiri kwamba ni mgeni.

Mtu akamshika kiwiko. Zamu yake ilikuwa imefika. Akapewa kibuyu, akainama, akamwaga. Mvuke ulipanda ukamgusa uso, na maji yalipokuwa yakizama udongoni aliisikia tena ile sauti ya polepole. *Tunakiri. Maelezo. Yote.* Aligeuka akatazama nyuma yake. Palikuwa na uzio tu, na shati la Jumapili limelala juu ya ubao.

"Ile karatasi ina faida?" Mama Eusebia aliuliza walipokuwa wakifukia shimo.

"Ina faida kubwa, mama. Karatasi hiyo inamfanya Teo raia." Wanawake wakamgeukia. Nerina akajipangusa matope mikononi. "Niachie mpaka Jumatatu nijue njia."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado alitembea hadi kituo cha treni kama mtu aliyeiba.

*

Mkuu wa ofisi, Rosalind Behar, mama mwenye mvi aliyekuwa akitetea wahamiaji kabla Nerina hajazaliwa, alisoma hati, akasoma fomu yenye ule mstari uliopigwa kwa kalamu, akaenda kufunga mlango.

"Umekula?"

"Sijala."

"Kula kwanza, halafu ulie. Vyote viwili pamoja hukwama." Akamsogezea nusu ya mkate wake. "Huyu jamaa yuko wapi?"

"La Ceiba, kule Honduras. Analala nyumba hii leo, kesho nyingine. Kuna watu wa magenge wanawaulizia waliorudishwa."

"Basi hatuna miezi ya kuchezea."

"Nikiandika kwamba ushahidi mpya umepatikana?" Nerina aliuliza. Alikuwa amelilalia wazo hilo siku mbili. "Ni kweli umepatikana. Kesi ifunguliwe upya kwa hilo tu."

"Hakimu atakuuliza ulikuwa wapi. Utasema kwenye begi la baba yake. Atakuuliza, ulimwuliza mteja habari za baba yake? Utanyamaza. Basi. Ulichokikiri kwa niaba yake kinamfunga kama saini yake mwenyewe, mpaka ionekane kwamba wakili alikosea. Na wa kulionyesha hilo ni wewe."

"Vipi?"

"Unajua vipi. Akushtaki kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Yeye, au mama yake kwa niaba yake. Wewe ujibu kwa maandishi kwamba ni kweli. Halafu wakili mwingine, wa nje ya ofisi hii, achukue faili aende nalo kwa hakimu."

"Watanifuta uwakili?"

"Labda karipio. Labda zaidi. Sikudanganyi." Behar alikunja karatasi ya mkate ikawa ndogo sana. "Mimi nimeshtakiwa mara mbili. Mara ya pili mteja hakujua kuandika, nikamwandikia mashtaka yangu mwenyewe. Yalitoka vizuri. Nilijua mambo mengi dhidi yangu."

Nerina hakucheka.

"Barua siyo ngumu, binti," alisema mkuu wake. "Ngumu ni kumwomba."

*

Alimkuta Mama Eusebia jikoni akitwanga ndizi, kinu kati ya magoti, mchuzi wa samaki wa nazi ukitokota jikoni. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, na sauti ya Teo ilikuwa ikitoka humo na mikwaruzo.

"Nani kaingia?"

"Wakili wako."

"Wakili. Bado una ile sauti ya panya kanisani?"

"Bado," alisema Nerina.

"Mama kanieleza. Ati mimi ni Mmarekani. Nimewaambia hapa, wamecheka mpaka mmoja kaanguka kwenye kiti." Kisha akashusha sauti. "Jana wawili walikuja kwa binamu kuuliza nani amefika kutoka kaskazini. Leo nalala kwa mwalimu mmoja. Mkiweza kuharakisha, harakisheni. Sisemi kwa kuwasukuma."

Simu ikakatika. Mama Eusebia aliitazama mpaka kioo kikazima, kisha akarudi kwenye mchi.

"Hilario katulia," alisema. "Tangu Jumamosi hajaja. Nilidhani na mimi nitatulia." Akatwanga mara mbili. "Lile begi lilikuwa chini ya kitanda changu, Nerina. Miezi kumi na minne nimelala juu yake. Mwanangu anafungwa, mimi nalala juu yake. Wanampeleka uwanja wa ndege, mimi nalala juu yake. Mume wangu anakuja kunionyesha begi, siku tatu, na mimi namwambia tua mzigo."

"Mama."

"Crisanto anasema nisijilaumu. Crisanto husema hivyo hata sahani akiivunja mwenyewe." Mchi ukasimama. "Ni mimi niliyemfukuza mwanangu. Bora nilijue. Nilikaa na uraia wake uvunguni kama viatu vibovu."

Mchuzi uliendelea kutokota. Nerina aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Kumshika bega tu, kumwambia usiseme hivyo, mama, na kumwacha aendelee kuamini. Mkono wake ulikuwa tayari umeinuka. Ni mkono ule ule ulioandika "marehemu" ukapiga mstari, kwa huruma ile ile.

Aliurudisha mkono. Akangoja ile sauti ya polepole ianze. Haikuanza. Palikuwa na yeye tu na mama huyu aliyeinama juu ya kinu.

"Mama, ungelifungua begi au usingelifungua, kazi ya kuuliza ilikuwa yangu," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoizoea. "Fomu ilikuwa na mistari mitatu kuhusu baba yake, nikairuka kwa sababu nilimwonea huruma. Ningemwuliza tu, angekwambia, ungeitafuta ile karatasi siku hiyo hiyo. Sikumwuliza. Halafu nikasimama mahakamani nikasema ni mgeni, na hakuna aliyenilazimisha. Hukumfukuza wewe. Nimemfukuza mimi. Nakuomba unishtaki, mama. Teo hawezi kurudi usiponishtaki, na nimekuja na karatasi tuandike leo."