Kitabu cha Simu Mnadani

Kitabu changu kilitimiza mwaka mmoja kwenye simu bila mtu hata mmoja kukisoma. Walionipongeza walikuwa wengi. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nawalalamikia. Watu wa Njombe na wa Makambako wamenitendea mema mengi kwa ajili ya kitabu kile, ila kusoma tu ndiko hawakusoma.

Kinaitwa Oliva wa Viazi. Oliva alikuwa binti yangu. Alinunua viazi kwa wakulima wa huku kwetu na kuvipeleka kuuza Makambako, akafa bado kijana, kwa ule ugonjwa ambao miaka ile haukutajwa. Msibani watu walijaa. Walinilimia shamba bila kuombwa, wakaniletea unga na kuni. Mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, aliacha blanketi la mtoto mlangoni akaenda zake. Lakini jina la Oliva hawakulitamka tena. Walidhani wakilitamka wataniumiza. Hata mimi niliyekuwa Mama Oliva nikageuka Bibi Rejoice, kwa jina la mtoto aliyemwacha.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita hivyo. Nilipomaliza kumlea Rejoice na kumsomesha, nikaanza kuandika kwenye madaftari. Nilitaka watu wamjue tena mwanangu, au angalau mtu mmoja amjue.

Kuchapa nilikwenda Makambako, ingawa hapa mjini kwetu Njombe, kuanzia Mjimwema ninakoishi mpaka mtaa wa Ramadhani, maduka ya kuchapa hayakosekani. Niliona aibu kuwapa madaftari yale watu wanaonifahamu. Makambako nilimpata dada anaitwa Jenifer, ana duka la stesheneri karibu na stendi. Alinichapia kazi yote kwa muda mrefu, na kila nikifika alinipa kiti chake chenye mto, yeye akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Siku ya mwisho nikamuuliza, "Umekionaje?"

"Kipi, bibi?"

"Kitabu."

Akacheka, akaziba mdomo. "Bibi yangu, nikichapa huwa sisomi. Nikisoma nakosea. Macho yanapita, vidole vinapita, basi."

Kukitoa kwa karatasi kulinishinda bei. Jenifer ndiye aliyesema siku hizi vitabu viko kwenye simu, mtu ananunua kwa simu na kusoma kwa simu. Rejoice, ambaye ni muuguzi hospitalini Bulongwa, akaninunulia simu kubwa na kukiweka kitabu kwenye duka la mtandaoni, kikiwa na picha ya gunia la viazi kwenye kava. Yeye mwenyewe aliniambia, "Bibi, nikifungua ukurasa wa kwanza nalia. Nipe muda." Nikampa. Mama aliyeandikwa mle ni mama yake, na hamkumbuki.

Basi nikaanza kazi ambayo Rejoice anaiita kutangaza. Shamba la mlimani halijanichosha kama kazi hiyo.

Kila asubuhi niliweka tangazo kwenye magrupu ya wasapu: la kwaya, la ukoo, la kina mama, la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Majibu yalikuja haraka. Hongera bibi. Ubarikiwe. Mungu akutunze. Mikono ya kupiga makofi, maua, njiwa. Mmoja aliandika, "Bibi yetu ni msomi, tunajivunia!" Halafu mtu anatuma tangazo la kuku wa kienyeji, na kitabu changu kinapanda juu, kinapotea.

Nilikwenda redioni. Mtangazaji alikuwa kijana mpole, alinipokea begi na kunipa chai ya tangawizi. Aliniuliza nakula nini hata nina nguvu hivi katika umri wangu, na vijana wa leo nawaambiaje. Nilipofika kwenye Oliva muda ukawa umekwisha. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia bajaji, akalipa yeye.

Makambako nilijaribu kusimama stendi na bango ambalo Jenifer alinitengenezea bure. Mpiga debe mmoja akalisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Bibi, kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Kiko kwenye simu."

"Sasa simu moja tutaigombania watu wote hawa?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri kabisa, halafu akaniambia, "Mimi bando langu ni la mpira tu, bibi, sikudanganyi. Lakini jua hili kali, njoo hapa." Akanitafutia kivuli na kreti la soda la kukalia, na kila abiria aliyepita akamwambia, "Bibi huyu ana kitabu, msalimieni." Wakanisalimia. Shikamoo nilizopokea siku ile zingetosha kijiji kizima.

Nikirudi nyumbani nilivua viatu na kukaa tu kitandani, sina hamu hata ya kuwasha moto. Mtu akinikatalia najua la kufanya, naendelea kwa mwingine. Lakini hawa hawakunikatalia. Walinipenda, wakanipa viti, wakapita.

Nikajiwekea mpaka. Nikampigia Rejoice nikamwambia, "Jumapili ya mavuno ikipita hakuna aliyekisoma, kitoe huko mtandaoni. Nimechoka, mjukuu wangu."

"Bibi, subiri kidogo."

"Nimesubiri. Mwanangu nimemtembeza stendi na redioni, inatosha. Arudi nyumbani."

Akasema sawa.

Jumapili ya mavuno kanisani kwetu kila mtu huleta alichovuna. Baada ya ibada tunatoka nje, na mzee wa kanisa ananadi vitu vile kimoja kimoja: mahindi, viazi, kuku, mayai, parachichi. Mwaka ule nilikuwa sijalima kitu cha maana, mwaka mzima ulikwenda kwenye kutangaza. Nikasema moyoni, mavuno yangu ni kitabu, nitatoa kitabu.

Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunika mashuka na makoti. Anayenadi kwetu ni mzee Kefa, ana sauti ya kuita mtu toka bondeni. Alimaliza jogoo mmoja mbishi aliyemdonoa mkono, akanigeukia na kunisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Bibi Rejoice, kamwene! Umetuletea nini mwaka huu?"

"Kitabu."

"Kilete."

Nikampa simu. Akaiinua juu, akaigeuza huku na huku.

"Jamani, simu ya bibi! Kubwa, haina ufa! Elfu kumi, nani anaongeza?"

"Elfu ishirini!" akapaza mtu huko nyuma.

"Sio simu, Kefa," nikasema. "Kilichomo ndani."

"Kilichomo ndani kina namba za wajane?" akauliza mzee mmoja wa kwaya, na kina mama wakamzomea huku wakicheka.

Ikabidi nieleze mbele ya watu wote kwamba atakayenunua atatumiwa kitabu kwenye simu yake. Kefa akashika hilo upesi, akaanza kunadi kama vile amezoea kuuza vitabu maisha yake yote. Bei ikapanda. Sijui ilikuwa huruma au uchangamfu wa siku ile, lakini ilipanda kuliko ya jogoo. Mwisho ikabaki kwa Elius, mfanyabiashara wa mbao, mtu mkarimu anayejulikana. Kefa akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akagonga meza. Nikasema, Elius ana simu nzuri, ana miwani, Elius atasoma.

Elius akaenda mbele akalipa, akasimama katikati ya watu.

"Nimenunua kitabu hiki," akasema, "na kwa heshima ya bibi yetu, namrudishia mwenyewe!"

Vigelegele vikapigwa. Kwaya ikaitikia kwa wimbo.

Ndiyo desturi yetu. Aliyenunua anaweza kuchukua kitu, kumpa mchungaji, au kumrudishia aliyekileta. Kurudishiwa ni heshima kubwa kuliko zote. Sadaka yako imepokelewa na mali yako unarudi nayo nyumbani. Nimewahi kurudishiwa kuku, nikalia kwa furaha. Siku ile Kefa aliniwekea simu mkononi na watu wanaimba, nikasimama pale nikijua kwamba hakuna aliyenikosea, na kwamba Oliva amerudishwa kwangu kama alivyorudishwa miaka yote ile, kwa upole.

Ningeweza kukaa. Miguu ilitaka kukaa. Badala yake nikainua mkono.

"Elius mwanangu, asante sana," nikasema. "Naomba nisirudishiwe."

Wimbo ukakatika vipande vipande.

"Kitabu hiki kinamhusu binti yangu, Oliva. Mnamfahamu, mlimzika ninyi. Mkinirudishia mimi, mimi nimeshakisoma. Mimi ndiye nimekiandika. Kefa, kinadi tena. Anayenunua akisome."

Jogoo akasikika akikwaruza ndani ya boksi. Elius akavua kofia.

"Bibi, nisamehe," akasema taratibu. "Mimi nikisoma kurasa mbili nasinzia. Sitaki kukudanganya mbele ya kanisa."

"Hujanikosea, baba. Ulichotoa umemtolea Mungu."

Kefa akakohoa. "Haya. Tunaanza upya, na safari hii kuna kazi. Anayenunua asome. Elfu kumi?" Hakuna. "Elfu tano?" Watu wakaangalia viatu vyao. "Kuku angekuwa ameshachinjwa, jamani! Elfu mbili?"

Nikaanza kuzima simu. Nilikuwa nimeshampigia Rejoice kichwani mwangu, nimeshamwambia, kitoe.

"Mia tano," akasema mtu.

Alikuwa Cresensia. Anauza viazi vya fungu barabarani, mama mnene asiyezungumza sana, hukaa viti vya mwisho. Kefa hakungoja mwingine. Alihesabu haraka kama anayeogopa atabadili nia, akagonga meza, akarudi kwenye mahindi.

Cresensia akaja na sarafu yake, akalipa, akanifuata nilipokaa kwenye benchi ukutani. Akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa kitochi, kile kidogo cha vitufe.

"Kinaingia humu?"

"Hapana," nikasema, na nusura nicheke kwa uchovu. "Hakiingii."

Akaangalia simu yake, akaangalia yangu.

"Basi nipe hiyo nisome hapahapa. Mia tano yangu siachi."

Nikamfungulia, nikamwonyesha namna ya kusogeza kwa kidole. Akaishika mbali na macho, akaanza, midomo ikicheza. Nikakaa kando yake. Mbele yetu mnada ukaisha, watu wakaanza kupakia magunia kwenye guta. Consolata wa kwaya alipita, akatutupia shuka lake magotini, akaenda. Cresensia hakuinua kichwa. Mahali fulani alifuta pua kwa kiganja. Mahali pengine alicheka peke yake, nikatamani kujua ni wapi, lakini niliogopa kumkatiza.

Halafu akaacha kusoma, uso umekunjamana.

"Hapa umedanganya."

"Wapi?"

"Hapa." Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba Oliva hakuwahi kumpunja mteja, na kwamba viazi vyake vilikuwa vizuri toka chini ya gunia mpaka juu. "Nani kakwambia hivi?"

"Ni yeye. Alikuwa akiniambia."

"Alikuwa akikwambia wewe, mama yake! Ulitaka akwambieje?" Akageuka mzima mzima kunielekea. "Tulikaa wote sokoni Makambako, gunia langu hapa, lake pale. Vidogo tunaweka chini, vikubwa tunapanga juu, halafu tunashona lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, mpaka linakuwa kama lina mimba. Akija tajiri toka mjini, Oliva analipigapiga gunia, anamwambia, 'Sikia lilivyojaa, kaka, hili limekula likashiba!' Tajiri anacheka, analipa. Akishaondoka tunacheka mpaka tunashikana."

Nilimsikia. Nilimsikia kabisa mwanangu akisema maneno yale, kwa ile sauti yake ya puani. Hayakuwamo kitabuni. Nilikuwa nimemwandika binti mwema, mtulivu, anayerudi nyumbani jioni na kukunja khanga. Huyu wa kupigapiga gunia sikuwahi kukutana naye.

"Na alipoanza kuumwa?" nikauliza.

"Alipoanza kuumwa nilikuwa nakaa mbali naye kidogo," akasema Cresensia, akiangalia kioo cha simu. "Wote tulikaa mbali. Akawa ananicheka, ananiambia, 'Sogea, Cresensia, viazi haviambukizi.' Nikasogea. Lakini nilichelewa kusogea."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mgumu na wa baridi, una udongo kwenye mistari. Guta la mwisho likatoka.

"Kitabu cha simu kinarekebishika," nikamwambia. "Nitamwambia Rejoice. Ule uongo niutoe?"

"Utoe. Weka vile vidogo vya chini."

"Na wewe nikuandike kwa jina?"

Akafikiri, akivuta shuka la Consolata vizuri magotini.

"Kwa jina. Ila uandike kwamba yeye ndiye aliyenifundisha," akasema, akasogeza ukurasa kwa kidole, akaendelea kusoma.