Kodi ya Punje Moja ya Pilipili Manga

Mama mwenzangu, kama umenunua nyumba ya ghorofani, usitembee ukisema "nimenunua" kabla hujaitafuta ile karatasi ya mkataba na kusoma mwaka wake wa mwisho. Mimi hapa mjini Scarborough nilisema hivyo miaka mingi. Nilipaka rangi, nikabadilisha mabomba, nikagombana na mafundi kama mwenye mali. Kumbe mali yangu ilikuwa muda tu, na muda ulikuwa unaliwa huku mimi nikisugua sakafu.

Chini yetu alikaa Bi Averil Thackray. Nyumba ilijengwa na babu yake, na ardhi, kuta na paa vilikuwa vyake. Sisi wa juu tulikuwa na mkataba wa miaka tisini na tisa, ulioandikwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ukiisha, vyumba vinarudi kwa mwenye ardhi. Hilo sikulijua vizuri mpaka mume wangu Desmond alipofariki, nikaenda kwa wakili Hesketh kuhamisha jina.

Hesketh aliikunjua ile karatasi ya ngozi, yenye muhuri wa nta nyekundu uliopasuka, akasema, "Bi Oldroyd, imebaki miaka thelathini na moja."

"Basi si kitu. Mimi nitakuwa kaburini."

"Wewe, ndiyo. Na binti yako?"

Mama wee, nilihisi kiti kinazama. Binti yangu Bryony ni kipofu tangu kuzaliwa. Anapokea simu hospitalini, anapanda na kushuka ngazi zetu bila kushika ukuta, anajua kila ubao unaolia. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na moja. Nikamwona akiwa bibi kizee mwenye fimbo nyeupe, anatolewa kwenye vyumba anavyovijua kwa vidole, anaanza kujigonga kwenye kuta za watu.

Hesketh akaniambia kuna sheria mpya. Ukiomba kwa maandishi, mwenye ardhi analazimika kukuongezea miaka tisini juu ya ile iliyobaki. Unalipa fungu moja la pesa kwa mkupuo, na kodi ya ardhi ya kila mwaka inageuka kuwa punje moja ya pilipili manga.

"Usinitanie, bwana, mimi mjane."

"Sitanii. Ndivyo ilivyoandikwa, kodi ya jina tu. Ila usikawie. Kila mwaka unaopita, hilo fungu linapanda."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuona mvua. Miaka tisini! Watu wanaezeka paa, wanauza mkate, lakini nani anauza miaka? Miaka ambayo haijafika bado, haina siku hata moja iliyopambazuka, inakaa wapi hata ikauzwa? Nikasimama katikati ya sebule. Chini yangu dari ya mwingine, juu yangu paa la mwingine, nami nimesimama kwenye hewa, na hewa hiyo ina tarehe. Nilivua viatu. Sijui kwa nini, nilihisi kama niko kanisani.

Akiba aliyoacha Desmond kutoka shirika la reli ilitosha, kwa mwaka ule tu. Kilichobaki ni kumpa Bi Thackray barua ya maombi. Na hapo ndipo nilipokosea, kosa letu sisi watu wa huku.

Kwetu, jirani ukinywa naye chai kila Alhamisi, humtajii mambo ya pesa. Na kumletea barua ya wakili? Heri umtemee mate. Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza niliongea mvua. Ya pili tukaongea waridi zake. Wiki zikawa miezi. Barua ilikaa mfukoni mwa aproni yangu mpaka ikachakaa kona, Hesketh akaniandikia nyingine.

Kisha siku moja nikamwona mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa anapima bustani kwa hatua. Alhamisi ile Bi Thackray akasema, huku akimimina chai, "Magoti yamekataa, bibie. Nahamia kwenye nyumba ya wazee kule Filey. Huyu bwana ana kampuni, anataka nyumba yote. Mwisho wa mwezi nitamjibu."

Kampuni! Itakuwa na mawakili watano, itabishana nami hadi fungu lipande na akiba ya Desmond isifike. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Filey kuna upepo."

"Upepo mwingi," akajibu.

Nikapanda ngazi nalia. Bryony alikuwa anamenya viazi.

"Umempa?"

"Tulikuwa tunaongea kuhusu Filey."

"Mama! Miezi yote hii mmeongea mvua, na mvua haijawahi kuwajibu. Lete hiyo barua."

"Bryony, atakasirika. Atadhani tulikuwa tunasubiri azeeke."

"Si kazeeka tayari? Lete."

Akaipapasa aproni yangu, akaitoa mwenyewe, akashuka bila fimbo. Nikasikia mlango ukigongwa. Nikasikia sauti yake, "Bi Thackray, mama anaogopa, mimi siogopi, shika." Kungoja kule, mama mwenzangu, sikutakii. Nilikaa kwenye ngazi nikauma pindo la aproni.

Halafu nikasikia kicheko, kicheko cha bibi kizee, chembamba, kinachokatika kwa kikohozi.

"Mavis!" Miaka yote aliniita Bi Oldroyd. "Mavis Oldroyd, shuka hapa, mjinga wewe!"

Nikashuka. Alikuwa ameiweka barua magotini.

"Nimeisubiri hii tangu mazishi ya Desmond," akasema. "Ilipotangazwa ile sheria nikasema, atakuja. Alhamisi hii hukuja nayo, ijayo hukuja nayo. Nikadhani huna haja."

"Mbona hukusema, Bi Thackray?"

"Nikuambie nini? Mwenye nyumba akianza yeye, ataonekana ana njaa ya pesa. Mjane hajamaliza matanga, mimi nimtajie bei?"

Bryony akasema, "Nyinyi wawili mngekufa kwa adabu."

"Mwanao ana ulimi."

"Kaupata kwa baba yake," nikasema, nikaketi kwenye kiti kingine bila kukaribishwa.

Hakumjibu yule bwana mwisho wa mwezi. Alimwambia angoje. Mthamini alikuja, bei ikapangwa kama sheria inavyotaka, na kabla majani hayajamaliza kuanguka mimi na Bi Thackray tukatia sahihi ofisini kwa Hesketh. Bryony alipitisha mikono juu ya karatasi mpya.

"Inaisha lini?"

"Elfu mbili mia moja na kumi na tano," Hesketh akasoma.

Kisha akainua macho dirishani, kana kwamba mwaka ule unakuja kwa mbali barabarani. Wote wanne tuliokuwemo mle tutakuwa udongo, na watoto waliokuwa wanazaliwa siku ile watakuwa udongo, na vyumba vile vya juu vitakuwa bado vyetu. Bryony aliacha kidole chake palepale penye tarehe, ingawa wino hauna kitu cha kupapasa.

Bi Thackray ndiye aliyesema kwanza. "Na kodi yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimekuja nayo, punje moja kwenye kisahani cha chai, nimeifunika na leso. Akaichukua, akaitazama kwenye mwanga, akaitia mdomoni na kuitafuna. Machozi yakamtoka, akakohoa, akasema, "Imelipwa."

Kampuni ilinunua nyumba baadaye, na mimi na Bryony tuko palepale. Hawajatuomba pilipili hata mara moja. Lakini wewe usingoje kama mimi. Nenda leo kaisome karatasi yako, na kama mwenye ardhi ni rafiki yako, mpe barua kwanza, chai baadaye. Bryony ananicheka kwamba kabatini nimeweka chupa mbili za pilipili manga. Nimemwambia aache kucheka, ajue tu, siku nisipokuwepo na kodi ikadaiwa, ziko rafu ya pili, mkono wa kushoto.