Mtu wa Mwisho Kwenye Benchi

Kinyozi mmoja walimwita Redio, maana mdomo wake ulikuwa hauzimwi. Ukikaa kwenye kiti chake, ulishapata habari za mpira na za ndoa zilizovunjika kabla hajamaliza upande mmoja wa kichwa. Sauti ilipoanza kukwaruza alisema ni mafua. Akasema hivyo miezi saba. Alipokwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshika koo, na daktari hakuzungukazunguka.

"Kikoromeo lazima tukitoe. Tukikitoa, una nafasi nzuri ya kuishi. Sauti ndiyo hutakuwa nayo tena."

Wakakitoa. Tangu siku hiyo alipumulia tundu dogo shingoni, na akitaka kusema alibandika chini ya kidevu kifaa kilichonguruma kama nyuki ndani ya kopo. Kazini alifunga kitambaa shingoni ili nywele zisimwingie tunduni. Wateja wapya walishtuka. Wa zamani walimwonea huruma, na huruma ikawaziba midomo. Walinyolewa kimya, wakasema "Pole sana, kaka," wakaondoka. Baadaye hata pole zikaadimika.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili. "Baba, sikusikii vizuri. Basi ngoja niongee mimi." Akaongea, na baba akawa anagonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Alipoeleweka ni mahali pamoja tu, kwenye benchi la hospitali. Walianza mionzi watano, wote wa koo, na tiba ilipoisha waliomba kliniki yao iwe siku moja. Walitaniana kwa minong'ono na ngurumo, mpaka fundi cherehani, mama mmoja wa kucheka hadi machozi, akawabatiza "kwaya ya mabubu." Mwaka wa kwanza dereva wa lori hakurudi. Wa pili wakapungua wengine wawili. Fundi cherehani alifika hadi mwaka wa nne.

"Redio, mwenzio ugonjwa umeshaingia mapafuni," alimwambia. "Wewe usiache kuja. Watasema kwaya imevunjika."

Mwaka wa tano daktari alimkagua, akatazama picha, akatabasamu. "Miaka mitano, mzee wangu, na hakuna kitu. Hongera! Huna haja ya kuja tena, labda uone jambo geni."

Redio alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi. Saa mbili baadaye muuguzi akamkuta palepale.

"Mzee, si umeruhusiwa?"

"Nimeruhusiwa."

"Sasa mbona huendi nyumbani?"

Akabandika kifaa, akakiondoa, akakibandika tena. "Nikienda, nitaongea na nani?"

Muuguzi aliketi kando yake kidogo, kisha akamwambia kuna mwalimu wodini, kesho anapasuliwa koo, na tangu jana hataki kumwona mtu. "Sikulazimishi," alisema.

Redio alipoingia wodini, mwalimu alikuwa ameugeukia ukuta. Ngurumo ya salamu ilimgeuza. Aliitazama ile shingo kwa muda mrefu.

"Inauma?"

"Iliuma. Sasa haiumi tena."

"Na watu?"

Redio angeweza kumdanganya.

"Watapungua," alisema. "Sogea nikae."

Mwalimu akasogeza miguu.