Sauti ya Mlangoni

Mhudumu wa wodi ya wazazi alikuwa ameanguka mtihani wa ukunga mara mbili, na si kwa uvivu. Vitabu alivisoma mpaka kurasa zikalegea. Alipigia mistari kwa rangi ya njano, kisha kijani, kisha waridi, mpaka ikawa sentensi isiyo na rangi ndiyo inayoonekana. Lakini akisimama mbele ya wasahihishaji, kichwa kinakuwa cheupe pe. Chuo kilishamwambia waziwazi kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akishindwa tena, atabaki kufua mashuka na kupiga deki, kazi aliyoianza kabla hajaolewa na iliyokwisha kumchosha.

Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyejua kubembeleza, alikuja Jumapili moja akamkuta ameinamia kitabu, midomo ikicheza.

"Hapo unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unajidanganya. Funga kitabu. Haya, niambie, mama aliyejifungua akianza kutokwa na damu nyingi unafanya nini?"

Mdogo mtu akafungua mdomo, akaufunga. Na ukurasa wenyewe ndio huohuo aliokuwa akiusoma.

"Unaona? Umezoea sura ya maneno tu, kama mtu unayepishana naye kila siku njiani. Mnasalimiana vizuri, ila ukiulizwa jina lake unaanza kujikuna. Kuanzia leo, kwanza jiulize, ukwame, ndipo ufungue kitabu. Pale unapokwama ndipo kichwa kinapofanya kazi. Na ukishalipata somo, liache siku kadhaa lianze kukutoroka, halafu ulirudie."

"Na hizi hatua zinazofuatana, je? Nazichanganya kila mara."

Dada akazungusha mkono kuionyesha sebule. "Zipange humu ndani. Kila hatua na mahali pake, kwa jinsi unavyopita ukiingia kutoka nje. Halafu zifanye vituko. Jambo la kawaida kichwa kinalitupa, kituko kinakishika."

Hatua ya kwanza ni kuita msaada, maana mkunga anayehangaika peke yake na damu anatafuta msiba. Mlangoni, basi, Mhudumu akamsimamisha mama mkwe wake. Wala hakufikiria mara mbili. Mama mkwe alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Akimwita mjukuu aje kula, watoto wa majirani nao wananawa mikono. Kwenye kochi akamlaza mumewe, dereva wa lori, akikandwa tumbo huku anacheka, kwa kuwa hatua inayofuata ni kukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze. Juu ya friji akaweka sindano ya dawa, kubwa kama mchi. Kwenye fimbo ya pazia akaning'iniza dripu. Bafuni ni kutoa mkojo, na hapo hapakuhitaji ubunifu. Mezani, kwenye sinia la wageni, akaweka kondo la nyuma, likaguliwe kama limetoka zima. Hilo la mezani hakumwambia mtu.

Yakaanza mazoezi. Akirudi kutoka kazini anasimama mlangoni, midomo inacheza. Anasogea kwenye kochi, analikodolea macho, anatikisa kichwa. Akifika kwenye friji anasonya, kwa sababu amesahau kipimo cha dawa. Siku nyingine anaanzia bafuni na kurudi kinyumenyume, kama dada yake alivyomwagiza, ili akiulizwa katikati asitoe macho. Mama mkwe alimtazama weee, mwishowe akampigia mwanawe simu kumnong'oneza, na mnong'ono wenyewe ulisikika mpaka kwa jirani.

"Mkeo ana nini? Jana kaligombeza friji."

"Anasoma, mama."

"Anasoma friji?"

Mhudumu angemweleza mwenyewe, lakini utaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba umemsimamisha mlangoni apige kelele? Akaona heri anyamaze, na hapo ndipo alipokosea.

Siku moja kabla ya mtihani alirudi akakuta nyumba si ile. Kochi limehamia dirishani, friji imekwenda koridoni, meza imegeuzwa, pazia limevuliwa pamoja na fimbo yake. Katikati ya sebule walisimama mama mkwe na jirani, wanatokwa na jasho, na mama mkwe anatabasamu mpaka gego la mwisho.

"Siku zote nakuona unavitazama vitu hivi na kusonya. Nikasema, mkwe wangu kachoshwa na mpangilio huu. Kesho ana mtihani, acha nimfurahishe."

Mhudumu akashika kichwa. "Umeniharibia, mama! Umenivuruga kichwa chote! Nani alikutuma?"

Jirani akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Mama mkwe aliingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu, na huko kuufunga taratibu ndiko kulikouma.

Siku zote Mhudumu huondoka nyumbani akisindikizwa na sauti: umekula, umechukua mwavuli, pita upande wenye kivuli. Asubuhi ya mtihani mama mkwe alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akishona kifungo cha shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi, ikaishia hapo. Mhudumu alitaka kuomba msamaha, akatazama saa, akapita.

Katika chumba cha mtihani palikuwa na kitanda, mwanasesere wa plastiki na wasahihishaji wawili. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alisema, "Huyu mama amejifungua sasa hivi. Damu inatoka nyingi. Endelea."

Mhudumu akafumba macho kidogo, akaingia nyumbani. Kumbe nyumba ya zamani ilikuwa palepale, kochi mahali pake na friji mahali pake. Huko ndani mama mkwe na jirani hawakuwa wamehamisha kitu. Akapata nguvu. Akakanda tumbo, akataja dawa na kipimo chake, akatundika dripu, akatoa mkojo, akakagua kondo. Kila kitu kilikuja bila kusukumwa.

Mwenye miwani hakuandika. "Una uhakika hakuna ulichoacha?"

Mhudumu akafumba macho tena, akarudi mpaka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekaa pale na kifungo chake, kimya. Mhudumu alikuwa amempita tena, kama asubuhi. Mama, nisamehe, akasema moyoni, nimekukosea. Paza sauti, mama, nakuomba.

Mama mkwe akainua uso, akavuta pumzi.

"Jamaniii! Nisaidieni! Njooni upesi, mama anatokwa na damu!"

Sauti ilimtoka Mhudumu tumboni ikagonga dari. Mlango ukafunguka kwa kishindo, wakaingia mlinzi, mpishi wa chuo na mwanafunzi aliyekuwa anasubiri zamu yake, glovu tayari mkononi. Msahihishaji wa pili alikuwa amedondosha kalamu. Mwenye miwani aliinamia karatasi muda mrefu, mabega yakimtikisika.

"Wenzako huwa wanasema tu kwamba wangeita msaada," alisema alipoweza kusema. "Wewe umeuleta. Umepita."

Nyumbani alimkuta mama mkwe kwenye kiti kilekile. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nisamehe. Jana nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na ulikuwa unanitakia mema."

Akamweleza vyote, kasoro cha mezani. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa imesimama hewani.

"Kwa hiyo siku zote hizo mimi niko mlangoni napiga kelele."

"Ndiyo, mama."

"Na wa kwanza ni mimi. Kabla ya mumeo."

"Kabla ya wote. Bila wewe ningekuwa nimeanguka."

"Na umepita?"

"Nimepita, mama."

Mama mkwe akaweka shati chini. Akainuka, akanyoosha mgongo, akaenda kusimama mlangoni, palepale alipowekwa, akavuta pumzi, na mtaa mzima ukajua.