Mpima Mahindi Asiye na Kiti

Haya nimeyapata kwa Silvana, mke wa mdogo wangu, mwezi wa kumi na moja tulipokuwa tukichambua maharage ya mbegu. Yeye alikuwa akifagia ghala la mahindi la Malangali, likiwa limekwisha kuuzwa kwa kampuni.

Kampuni ilileta kompyuta ya kupimia magunia. Haikuwa na picha za kubonyeza wala kipanya, ni kioo cheusi chenye herufi tu. Mwashaji alikuwa Evodia. Aliandika java, kistari, jar, kisha pima, ndilo jina la programu, akabonyeza Enta. Programu ikiamka, mumewe Isdori alisimama kwenye mizani.

Isdori alikuwa mpimaji wa ghala hilo. Walimpunguza kazini kompyuta ilipokuja, na mvua za mwaka ule hakuzimaliza. Kaburi lake liko Pito. Meneja, Bwana Evaristi, alipomkuta anapima, alisema, "Huyu tulishampunguza. Apime, sawa, ila kiti cha kampuni asikalie." Basi akapima amesimama.

Taabu ilikuwa moja. Kila programu ikiwashwa, Isdori alikuja hamjui mkewe. Alipinda magoti, akapiga makofi taratibu kama sisi Wafipa tunavyomsalimu mgeni. Evodia alianza upya kumweleza yeye ni nani. Kufikia mchana Isdori alikumbuka nyumba, baadaye watoto. Na kila alichokumbuka kiliijaza kumbukumbu ya kompyuta, programu ikawa nzito, gunia moja likachukua muda wa kuivisha ugali.

Alasiri moja foleni ilifika barabarani. Isdori aliacha mizani, akamtazama Evodia.

"Mwaka ule wa baridi kali," akasema, "ulinifunika kwa kitenge chako, wewe ukalala hivihivi."

"Mama weee!" Ni Minza, Msukuma mwenye mkokoteni. "Mumeo akumbuke upesi, maksai wangu wamelala njiani!"

"Mwache amalizie, dada," Evodia akasema.

"Si amalizie nyumbani!" Watu wakacheka.

Evaristi akatoa kichwa dirishani. "Evodia, izime uiwashe upya."

"Bado kidogo, bosi. Hajanitaja jina."

"Mahindi yatanyeshewa."

Kweli, wingu lilikuwa limeshuka. Isdori alikuwa amefungua mdomo. Evodia akabonyeza Kontroli na C kuizima programu, mizani ikabaki tupu. Akaandika tena: java, kistari, jar, pima.

Isdori akaja. Akapinda magoti, akapiga makofi taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakumwambia yeye ni nani, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Magunia yakaenda mbio.

Jioni watu walipoondoka, Evodia hakuizima kompyuta. Alijilaza juu ya magunia matupu.

"Huna kwenu, mama?" Isdori akauliza.

"Ninako. Pito."

"Mbali, na mvua hii." Akamfunika kwa gunia, kama mtu anavyomfunika mgeni, akarudi kusimama kwenye mizani. Kiti kilikuwa palepale, hakukikalia. Evodia akalala.